GLS imetoka ya ajabu: tafuta kosa kwenye picha kabla ya kuulaumu moyo

Mashine ya eko, yaani ya kupima moyo kwa mawimbi ya sauti, ikishapewa picha tatu za kutokea nchani mwa moyo (mkao wa vyumba vinne, wa vyumba viwili na wa vyumba vitatu), itatoa GLS, yaani wastani wa asilimia ambayo msuli wa ventrikali ya kushoto, chumba kikuu kinachosukuma damu, hufupika kwa urefu kila pigo. Itaitoa hata kama nusu ya ukuta imefunikwa na kivuli cha ubavu, hata kama ECG, kipimo cha umeme wa moyo, imesoma wimbi lisilo lake, na juu yake itaweka ramani ya duara yenye rangi za kuvutia. Anayebaki na shida ni aliyeshika probu (kichwa cha mashine kinachowekwa kifuani), na baada yake daktari anayesubiri ripoti. Mwongozo huu ni wa hao wawili, hasa wa kwanza. Nimeupanga kwa dalili, yaani kile unachokiona kwenye skrini, kisha sababu zake, nikianza na zile zinazotokea mara nyingi.

Kwanza tukubaliane kuhusu hesabu. Streini ni badiliko la urefu likigawanywa kwa urefu wa mwanzo. Ukuta wenye sm 10 mwishoni mwa diastoli (moyo ukiwa umelegea na kujaa damu) ukifupika hadi sm 8, streini yake ni -20%. Alama ya kutoa inaonyesha kufupika, kwa hiyo -20% ni afadhali kuliko -12%. Humu nikisema GLS imeshuka namaanisha imesogea kuelekea sifuri. Mtu mzima mwenye afya hutarajiwa awe jirani na -20%, ingawa kila kampuni ina namna yake ya kukokotoa na jambo hilo tutalirudia.

Mashine yenyewe haiuoni ukuta kama sisi tunavyouona. Inachofuata ni madoadoa ya kijivu ndani ya msuli, yanayotokana na mawimbi ya sauti kugongana yakirudi. Inachukua kundi dogo la madoa katika fremu moja, inalitafuta katika fremu inayofuata, na hivyo hivyo hadi pigo liishe. Ni kama kumfuata mtu mmoja mwenye kanzu nyeupe kwenye uwanja wa swala ya Idi: ukifumba jicho kidogo tu, utakayemshika tena huenda ni mwingine. Karibu makosa yote yaliyo hapa chini yanatokana na hilo. Ama madoa hayakuonekana, ama fremu zilikuwa chache, ama mashine ilielekezwa kufuata kitu kisicho msuli, ama iliambiwa pigo limeanza wakati halijaanza.

Ndiyo maana mimi ramani ya duara huitazama mwisho kabisa. Natazama picha, kisha ECG, kisha ukanda uliochorwa juu ya ukuta, kisha mistari ya grafu. Wengi huanza na rangi, halafu wanarudi nyuma kutafuta maelezo ya kuzitetea.

Programu inakataa vipande vya ukuta

Hii ni dalili rahisi kwa sababu mashine imekuwa mkweli. Imetafuta madoa, haikuyapata. Usibonyeze "kubali" kwa nguvu. Rudi kwa mgonjwa: mlaze vizuri ubavu wa kushoto, mkono wa kushoto chini ya kichwa ili mbavu zifunguke, mwambie atoe pumzi na aishikilie mwishoni. Kitanda chenye uwazi upande wa kifua husaidia sana, na kama hakipo, mgonjwa asogee hadi ukingoni mwa godoro probu ipate nafasi. Hamoniki, mpangilio wa kusafisha picha, iwe imewashwa. Geini (ukuzaji wa mwangwi) isiwe ya kuchoma ukuta ukawa mweupe mtupu, maana ukuta mweupe mtupu hauna madoa ya kufuata.

Katika mkao wa vyumba viwili, ukuta wa mbele ndio hupotea zaidi kwa sababu pafu huingia njiani. Kushuka nafasi moja ya ubavu, au kusogeza probu kidogo kuelekea pembeni, mara nyingi hufanya kazi kuliko kuongeza geini.

Ikiwa baada ya yote hayo vipande zaidi ya viwili katika mkao mmoja havifuatiliki, GLS isitolewe. Hiyo ni kanuni ya vyama vya eko vya Marekani na Ulaya katika miongozo yao ya 2015, wala si ukali wangu.

GLS imeshuka kote, lakini kwa macho moyo unapiga vizuri

Hii ndiyo inayoleta simu nyingi kutoka wodini. Ramani yote imepauka, namba ni -13% au -14%, na ukitazama picha huoni udhaifu wa kiasi hicho. Moyo unaweza kweli kuwa mgonjwa kwa namna ambayo macho hayaoni, na ndiyo sababu kipimo hiki kilibuniwa. Lakini kabla ya kufika huko, kuna washukiwa wa kuwahoji.

Wa kwanza ni upana wa ukanda. Programu huchora mstari wa ndani, mstari wa nje, na kujaza katikati. Mstari wa nje ukivuka msuli ukaingia kwenye perikadiamu, mashine inachanganya msuli unaofupika na utando unaong'aa ambao karibu hauendi popote. Wastani unashuka. Simamisha picha mwishoni mwa sistoli (moyo unapomaliza kubana), si diastoli peke yake, uone kama ukanda bado umo ndani ya msuli. Ukuta wa pembeni katika mkao wa vyumba vinne ndio hudanganya zaidi, kwa kuwa perikadiamu yake hung'aa sana. Punguza upana, acha ihesabu upya. Kuna nyakati namba hubadilika pointi mbili au tatu kwa marekebisho hayo tu, jambo ambalo linapaswa kutushtua kuliko linavyotushtua.

Usivuke mpaka upande wa pili pia. Ukanda mwembamba unaokumbatia ukingo wa ndani hutoa namba nzuri isiyo ya kweli, kwa sababu tabaka la ndani la msuli hufupika zaidi kuliko la katikati.

Wa pili ni idadi ya fremu. Sistoli ya moyo unaopiga kawaida ni kama sekunde 0.3. Kwa fremu 50 kwa sekunde unapata picha 15 za sistoli, kwa fremu 30 unapata 9 tu. Kilele cha kufupika kinaweza kuangukia katikati ya fremu mbili, na madoa nayo yanakuwa yamesogea mbali mno kati ya fremu moja na nyingine. Miongozo hutaka fremu kati ya 40 na 80 kwa mapigo ya kawaida, na moyo ukienda mbio zinahitajika zaidi. Fikiria mama aliyejifungua wiki chache zilizopita, amekuja na miguu imevimba na pumzi fupi, moyo unapiga 120 kwa dakika. Pigo zima ni nusu sekunde. Ukimpima kwa fremu 40 una picha 20 za pigo lote, na hapo mashine inakisia. Ili kupata fremu zaidi, punguza kina hadi kidogo tu chini ya vali ya mitrali, maana huna haja ya atriamu (chumba cha juu) nzima kwa kipimo hiki. Finya pembe ya picha ibaki ventrikali ya kushoto peke yake. Zima rangi ya Doppler, ile ya kuonyesha mwendo wa damu.

Kuna mtego mmoja unaohusiana na hilo ambao hauonekani chumba cha eko. Picha ilichukuliwa kwa fremu 65, ikatumwa kwenye hifadhi ya hospitali, na huko ikabanwa hadi 30. Kisha daktari akaifungua kwenye kompyuta yenye programu nyingine na kupata namba tofauti na yako. Nyote wawili mmefanya kazi sawasawa. Hakikisha unahifadhi data ghafi, au angalau mwambie anayesimamia mtandao fremu zisipunguzwe wakati wa kutuma.

Wa tatu ni ECG. Urefu wa mwanzo, ule ambao kila kitu hugawanywa kwao, huchukuliwa mwanzoni mwa QRS, wimbi la ECG linaloanzisha kubana kwa ventrikali, au kwenye kilele chake, R. Mashine ikichukua T ndefu, wimbi linalofuata baadaye, kuwa R, au ikaruka kwenye mshindo wa betri ya moyo, basi urefu wa mwanzo unapimwa ukuta ukiwa tayari umefupika. Grafu itakueleza: mistari inaanza kwa kupanda juu ya sifuri, kana kwamba moyo unarefuka kwanza, halafu inashuka kidogo. Ukiona hivyo usiguse ukanda, gusa elektrodi. Zilizokauka hubadilishwa. Ngozi yenye mafuta au jasho hufutwa kwa spiriti. Badilisha lidi (upande ambao ECG inausomea moyo) hadi R iwe ndefu kuliko T. Msukosuko mwembamba ulio sawasawa kwenye mstari wote wa ECG ni umeme wa 50 Hz wa jengo: tazama kama plagi ya mashine ina waya wa ardhi unaofanya kazi, na kama kuna chaja ya simu au feni iliyochomekwa kwenye soketi hiyo hiyo.

Wa nne si kosa la mashine. Presha ya mgonjwa. Ventrikali inayosukuma dhidi ya presha ya 190/110 itafupika pungufu ya ile ile ikisukuma dhidi ya 125/75. Presha ipimwe wakati wa eko, si ile ya asubuhi iliyoandikwa kwenye faili, na iandikwe kwenye ripoti pembeni ya GLS. Namba ya streini isiyo na presha pembeni yake ni nusu ya taarifa.

Ukishawahoji wote wanne na namba imebaki -13%, sasa uchukulie moyo una neno la kusema.

Ncha imekolea, shina limepauka

Kwenye mashine nyingi rangi nyekundu iliyokolea ni kufupika sana, waridi ni kidogo, na bluu ni kurefuka. Kwa hiyo ramani yenye kitovu chekundu na ukingo uliopauka inamaanisha ncha inafanya kazi kuliko shina, yaani eneo lililo jirani na vali ya mitrali. Tofauti ndogo ya namna hiyo ni ya kawaida. Ikiwa kubwa, kuna njia tatu na ni muhimu kuzitenganisha, kwa sababu moja inampeleka mgonjwa kwenye ugonjwa mkubwa ambao huenda hana.

Njia ya kwanza, na ya kwanza kwa mbali, ni picha iliyokatwa fupi. Probu imekaa juu zaidi kifuani kuliko ncha halisi, basi miale inapita ubavuni mwa ventrikali na kutengeneza ncha bandia. Ncha bandia huonekana mviringo na nene, nayo hucheza sana ikija ndani kila pigo. Ncha halisi ni nyembamba, na karibu haisogei. Pima urefu wa ventrikali katika mkao wa vyumba vinne na wa vyumba viwili. Ukitofautiana zaidi ya asilimia 10, mmojawapo umekatwa. Shuka ubavu mmoja chini, sogea pembeni, anza upya. Hakuna marekebisho ya ukanda yatakayoponya picha iliyokatwa.

Njia ya pili iko kwenye pointi mbili za shina. Programu inayojiendesha yenyewe huzitafuta pete za vali ya mitrali, na mara nyingi hukosea kwa kuziweka upande wa atriamu, ambako hakuna msuli wa ventrikali wa kufupika. Katika mkao wa vyumba vitatu hali ni mbaya zaidi: pointi ya upande wa septamu (ukuta unaotenganisha ventrikali mbili) huteleza hadi kwenye njia ya kutokea damu au hata kwenye mzizi wa aota. Irudishe mahali pake. Kwa wazee wenye chokaa kwenye pete ya vali ya mitrali, kivuli na mng'ao wa chokaa hiyo huvuruga vipande vya shina hata pointi zikiwa sahihi. Hapo iandikwe hivyo.

Njia ya tatu ni ugonjwa. Amiloidi ya moyo, yaani protini isiyo ya kawaida inayojazana ndani ya msuli, huacha ncha na kushambulia shina na katikati, na sura yake kwenye ramani ni maarufu. Kuna kipimo kilichochapishwa 2012: wastani wa streini ya ncha ugawanywe kwa jumla ya wastani wa shina na wastani wa katikati, na jibu likizidi 1 shaka inakuwa kubwa. Mfano, ncha -18, katikati -9, shina -6: 18 kwa 15 ni 1.2. Lakini kabla ya kuandika neno amiloidi kwenye ripoti, dai ushahidi mwingine kwenye picha hiyo hiyo: kuta nene, atria kubwa, maji kidogo kuzunguka moyo, na ECG yenye mawimbi mafupi kuliko unene wa kuta unavyotabiri. Ramani nzuri ya amiloidi juu ya kuta zenye mm 8 kwa kawaida ni picha iliyokatwa fupi.

Ncha ndiyo iliyokufa

Kinyume cha hayo. Mara nyingi ni ukungu wa karibu na probu, yaani mwangwi unaojirudia kati ya ngozi, ubavu na uso wa probu. Ukungu huo umesimama tuli, na mashine ikiufuata inaripoti kwamba ncha haiendi. Dalili yake ni weupe ambao hausogei huku moyo ukisogea chini yake. Badilisha pembe, sogeza fokasi, punguza geini ya sehemu ya juu tu.

Kama picha ni safi na ncha bado imekufa, usisahau magonjwa. Shambulio la ateri ya mbele inayoshuka huua ncha, na donge la damu hupenda kukaa hapo hapo. Programu itachora ukingo juu ya donge na kulifuata kana kwamba ni ukuta. Na kwa wanaofanya kazi kuanzia Uganda hadi pwani ya Msumbiji, kuna fibrosi ya ndani ya moyo, EMF, ambayo Jack Davies aliieleza akiwa Uganda mwaka 1948. Ncha inajazwa na kovu, wakati mwingine pamoja na donge, na ventrikali inaonekana fupi huku atriamu ikiwa kubwa mno. Programu hizi hazikufundishwa kwa mioyo ya namna hiyo. Itakuchorea ukanda mzuri juu ya kovu na kukupa asilimia. Kwa mgonjwa wa EMF, mimi naona GLS ya ncha haina maana na ni afadhali kueleza kwa maneno kilichoonekana.

Kipande kimoja cha bluu katikati ya wekundu

Uliza swali moja: je, kipande hiki na majirani zake vinafuata njia ya ateri? Ukosefu wa damu haujui mipaka ya vipande 17 vya ramani, lakini unajua mipaka ya ateri. Ukuta wa chini wote kuanzia shina, au septamu ya mbele na ncha kwa pamoja, ni sura ya ateri. Kipande kimoja pekee kilichozungukwa na wazima pande zote, hasa kikiwa mahali pa kivuli cha ubavu, ni kosa hadi ithibitishwe vinginevyo.

Chezesha picha polepole na utazame ukuta huo mmoja tu, vidoti vya ukanda vikienda. Vikisimama wakati msuli unaingia ndani, umekamata kosa. Vikienda pamoja na msuli, na msuli wenyewe hauingii ndani wala haunenepi, basi bluu ni ya kweli. Macho ya binadamu yamekuwa yakitazama kuta za moyo kwa mawimbi ya sauti tangu Inge Edler na Hellmuth Hertz walipoanza huko Lund, Sweden, mwaka 1953. Hayajastaafu.

Kuna kosa la jamii hii linalochekesha likigunduliwa mapema na lisilochekesha likichelewa: kuta kubadilishana mahali. Programu zinazotambua mkao zenyewe huweza kuita vyumba vitatu vyumba viwili, na ukuta wa nyuma ukaandikwa wa chini. Au picha iligeuzwa kushoto kulia, kama inavyofanywa kwa desturi katika baadhi ya vituo, na septamu ikaandikwa ukuta wa pembeni. Ugonjwa uko pale pale, anwani ndiyo si yake. Kabla ya kukubali, soma jina la mkao lililoandikwa juu ya kila picha. Katika vyumba vitatu lazima uone vali ya aota. Usipoiona, hiyo si vyumba vitatu.

Mistari hairudi kwenye sifuri

Moyo uliofupika ukarefuka unapaswa kuishia pale ulipoanza. Mistari ikiishia juu au chini ya sifuri, madoa yalitoroka nje ya uso wa picha njiani, mara nyingi kwa sababu ya pumzi au kwa sababu moyo wote unabembea, kama kwa mgonjwa mwenye maji mengi ya kifua kikuu kuzunguka moyo.

Tatizo ni kwamba programu nyingi hurekebisha jambo hili kimyakimya: huivuta mistari irudi sifuri kwa nguvu na kusambaza kosa kwenye pigo lote. Grafu inakuwa nadhifu. Kama mashine yako inaruhusu kuzima marekebisho hayo, yazime mara moja uone hali halisi. Mteleko mdogo husameheka. Mkubwa unadai picha mpya, pumzi ikiwa imeshikwa.

Kilele kinakuja baada ya vali ya aota kufungwa

Kabla ya kusema ukuta umechelewa, hakikisha saa ni sahihi. Muda wa kufungwa kwa vali ya aota huwekwa na programu yenyewe au na wewe, kwenye mkao wa vyumba vitatu au kwa Doppler ya njia ya kutokea damu. Ukiwekwa mapema mno, kila ukuta utaonekana mchelewaji na GLS ya mwisho wa sistoli itashuka kwa bure. Tazama vali kwa macho fremu kwa fremu, uweke alama inapofungwa. Na kama muda huo ulipimwa moyo ukipiga 70 kisha ukautumia kwenye picha ya moyo unaopiga 95, hauna thamani.

Saa ikiwa sahihi, kuchelewa kidogo katika vipande vichache hutokea hata kwa wenye afya. Kuchelewa kukubwa kunakoambatana na kufupika hafifu wakati wa sistoli kunaelekeza kwenye ukosefu wa damu au kovu. Kwa mgonjwa mwenye tawi la kushoto la umeme lililozibwa, septamu hufupika mapema sana, kabla vali ya aota haijafunguka, kisha inavutwa na ukuta wa pembeni unaochelewa. Grafu yake ni ya vurugu na ni ya kweli. Usijaribu kuinyoosha.

Kila pigo lina namba yake

Mpapatiko wa atria, yaani mapigo yasiyo na mpangilio. Huku kwetu wengi wa wagonjwa wake si wazee, ni vijana wenye vali ya mitrali iliyobana kwa sababu ya homa ya baridi yabisi ya utotoni. Pigo baada ya nafasi ndefu hujaa na kufupika vizuri, pigo baada ya nafasi fupi halikupata muda wa kujaa. GLS inachukua mkao mmoja kutoka pigo hili na mwingine kutoka pigo lile, kisha inatoa wastani wa vitu visivyofanana.

Rekodi mapigo mengi katika kila mkao. Chagua pigo ambalo nafasi mbili zilizolitangulia zinalingana, kwa sababu hilo huwa karibu na wastani, au pima kadhaa utoe wastani mwenyewe. Mapigo ya ziada na lile linalofuata pigo la ziada yaachwe. Kama mapigo ni 140 na hayatulii, peleka ripoti bila GLS na umrudishe mgonjwa dawa zikishapunguza kasi.

Miezi mitatu iliyopita -20%, leo -16.5%

Kwa mgonjwa wa saratani anayepewa doxorubicin au trastuzumab, swali hili linaweza kubadilisha matibabu. Mwongozo wa Ulaya wa 2022 unazungumzia kushuka kwa zaidi ya asilimia 15 ya namba ya mwanzo, si pointi 15. Kutoka -20 hadi -16.5 ni pointi 3.5, na 3.5 kwa 20 ni asilimia 17.5. Imevuka. Kutoka -18 hadi -16 ni asilimia 11, haijavuka.

Lakini je, ni mashine ile ile? Mwaka 2015 vyama vya Ulaya na Marekani vilichapisha matokeo ya kuwapima watu wale wale kwa vifaa vya kampuni mbalimbali, na GLS zilitofautiana hadi pointi 3.7 kati ya kampuni moja na nyingine. Yaani mgonjwa wetu angeweza kupata tofauti yake yote kwa kuhamishwa chumba. Toleo jipya la programu kwenye mashine ile ile nalo linaweza kusogeza namba. Basi ripoti iandike mashine, programu na toleo lake, presha, na kasi ya mapigo. Picha za zamani zikipatikana, zifungue leo uzipime upya kwa ukanda unaouchora leo. Hilo huchukua dakika chache na hujibu kuliko mjadala mrefu.

GLS na EF hazipatani

EF (asilimia ya damu ya ventrikali inayotolewa kila pigo) ya 60% na GLS -14% zinaweza kuishi pamoja bila kosa lolote. Nyuzi zinazofupika kwa urefu zimechoka, zile zinazominya kwa mzunguko zinafidia, na chumba kikiwa kidogo chenye kuta nene EF hubaki nzuri. Presha ya muda mrefu, kisukari, vali ya aota iliyobana na amiloidi zote hufanya hivyo. Kinyume chake, EF 35% pamoja na GLS -19%, ni vigumu kukiamini. Rudi kwenye mwanzo wa orodha, ukianza na picha iliyokatwa fupi na ukanda mwembamba, halafu upime EF upya pia, kwa sababu nayo huenda ilichorwa na programu hiyo hiyo.

Na pale ambapo umesogeza probu, umebadilisha elektrodi, umechora ukanda upya na bado hujaridhika, andika: "GLS haikuripotiwa: ukuta wa mbele na wa pembeni haukuonekana vya kutosha. Kwa macho, mwendo wa kuta zilizoonekana ni wa kawaida." Daktari anaweza kuamua jambo kwa sentensi hizo mbili, na anayempima mgonjwa mara ijayo atajua ukuta upi autafute kwanza.